Jinsi ya kuwasoma wachawi wa komedi za zamani za televisheni: mwongozo kwa walimu na vikundi vya kutazama Dodoma

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa fasihi, mlezi wa klabu ya shule, au kikundi cha marafiki Dodoma na mikoa jirani wanaotaka kutazama komedi za zamani za Marekani zenye wachawi na kuelewa kinachochekesha humo. Kwa juujuu ni komedi nyepesi. Mke anachezesha pua, vyombo vinajiosha, mume anabaki ameduwaa. Ila walioziandika walikuwa wameshiba Biblia, Shakespeare, Hawthorne na Alfu Lela u Lela, na utani wao mwingi haukolei mpaka mtazamaji ajue wanadokeza nini.

Kazi yako kama kiongozi ni kuwazoesha watu kutenganisha mambo matatu: imani za watu wa kale, maandishi ya fasihi, na mambo yaliyobuniwa studio. Yakichanganyika, mtu anatoka akiamini kwamba mchawi wa Wazungu amekuwa na ngozi ya kijani tangu enzi na enzi. Kumbe kijani hicho kilipata umaarufu kwa filamu ya The Wizard of Oz ya 1939. Katika kitabu cha L. Frank Baum cha 1900, mchawi wa Magharibi ana jicho moja lenye nguvu ya kuona mbali, na ngozi ya kijani haimo.

Anzeni na Bewitched, komedi ya Samantha, mchawi aliyeolewa na Darrin, mwanamume wa kawaida anayefanya kazi ya matangazo. Ilirushwa na ABC kuanzia tarehe 17 Septemba 1964 hadi Machi 1972, jumla ya episodi 254 katika misimu minane. Misimu miwili ya mwanzo ilipigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Tunaitanguliza kwa sababu madokezo yake ni mengi na mengi yake yanaweza kuthibitishwa, na kila episodi ina dakika zipatazo 25, muda ambao hata wanafunzi wa kidato cha pili wanauvumilia bila kuchoka.

Maandalizi

Tafuta nakala halali yenye maandishi ya Kiingereza chini ya picha. Hapa ndipo vikundi vingi vinapokosea. Wanachukua nakala iliyopitia kwa wakalimani wa vibanda umiza, ambao ni mafundi kweli wa kuchekesha, lakini wakifika kwenye dokezo la kifasihi wanaliruka au wanaweka utani wao. Jina linapotea, na kwenye komedi hizi jina mara nyingi ndilo dokezo lenyewe.

Kwa watu 20 hadi 30, projekta ndogo na ukuta uliopakwa chokaa vinatosha. Spika ya nje ni lazima, maana ya kompyuta mpakato haifiki safu ya tatu, na vicheko vilivyorekodiwa humeza maneno. Mkikaa uani, subirini mpaka saa 1 na nusu usiku giza likolee, na mwezi Juni au Julai waambie watu waje na masweta, upepo wa Dodoma hauna huruma. Funga kitambaa kwenye matundu ya projekta wakati haitumiki, kwa sababu vumbi la kiangazi huingia kwenye lenzi na kuacha madoa kwenye picha. Weka episodi kwenye kompyuta mapema ili umeme ukikatika betri ikufikishe mwisho. Kama mnaita umma, muulizeni afisa utamaduni wa halmashauri kuhusu vibali vya maonyesho kabla ya kubandika tangazo.

Kila mtu awe na daftari lenye safu nne: kilichoonekana au kilichosemwa, dakika kilipotokea, kinatoka wapi, na komedi imekigeuza vipi. Safu ya nne ndiyo yenye thamani kuliko zote. Kutambua kwamba paka mweusi ni mnyama wa wachawi ni jambo la dakika moja. Kueleza kwa nini mwandishi amemweka mahali pale, kwa ajili ya kicheko gani, ndiyo kazi yenyewe.

Tenga saa mbili. Dakika 25 za kwanza mnatazama moja kwa moja, kila mtu acheke anavyotaka, hakuna kuandika. Halafu mnarudia mkisimamisha, jambo litakalochukua kama dakika 45. Muda uliobaki ni wa mazungumzo. Ukianza kusimamisha kwenye mzunguko wa kwanza utaua kicheko, na dokezo lisilochekesha tena haliwezi kuchambuliwa.

Zoezi la kwanza: utangulizi wa katuni

Usianze na hadithi. Anza na katuni ya ufunguzi, ambayo ilitengenezwa na Hanna-Barbera. Samantha anaruka juu ya mji akiwa amepanda ufagio na kuvaa kofia ndefu yenye ncha. Kisha yuko jikoni. Kisha amegeuka paka na kurukia mikononi mwa mumewe, halafu anarudi kuwa mwanamke. Muda wote huo haufiki dakika moja, na ndani yake mna ufagio, kofia na paka. Isimamishe mara tatu, ukiuliza kila mara: hiki kimetoka wapi?

Ufagio una ushahidi wa kuonekana kwa macho. Pembezoni mwa hati ya Kifaransa ya 1451 ya shairi la Martin Le Franc kuna wanawake wawili waliochorwa wakipaa, mmoja juu ya ufagio, mwingine juu ya fimbo. Ni miongoni mwa michoro ya mwanzo kabisa ya aina hiyo. Paka anatoka hasa kwenye kesi za uchawi za Uingereza: katika kesi ya Chelmsford ya 1566 mshtakiwa alidaiwa kufuga paka aliyeitwa Sathan. Kofia ni ya baadaye. Ilienea kupitia picha za vijitabu vya bei rahisi vilivyouzwa mitaani Uingereza, na ilizoeleka wakati kesi zenyewe zimeshapungua au kwisha.

Hapa wanakikundi watataja ungo bila kuulizwa. Waache, kwa sababu ulinganisho huu una maana. Mchawi wa masimulizi yetu hupaa kwa ungo au hupanda fisi, yule wa Ulaya hupaa kwa ufagio na kufuatana na paka. Ungo na ufagio vyote ni vyombo vya mwanamke nyumbani, vinavyoshikwa kila asubuhi. Hofu imechukua kitu cha kawaida kabisa na kukitia mashaka, na pamoja nacho mwenye kukishika. Bewitched inafanya kinyume chake: inamchukua anayeogopwa na kumrudisha jikoni akipika kifungua kinywa. Andikeni hilo kwenye safu ya nne, mtalirudia karibu kila episodi.

Majina: fungua Biblia kwanza

Mama yake Samantha anaitwa Endora, ameigizwa na Agnes Moorehead. Kwa dokezo hili hamhitaji maktaba, Biblia ya Kiswahili iliyoko karibu kila nyumba inatosha. Someni kwa sauti 1 Samweli 28, kuanzia mstari wa 3 mpaka mwisho. Mfalme Sauli, ambaye mwenyewe alishawafukuza waganga na wenye pepo wa utambuzi nchini, anajigeuza sura na kwenda usiku kwa mwanamke wa Endori amwitie Samweli aliyekwisha kufa.

Msiishie hapo kama wengi wanavyofanya. Nendeni hadi mstari wa 24. Sauli ameanguka kwa hofu, hajala mchana kutwa na usiku kucha, na mwanamke huyo anachinja ndama aliyenona, anakanda unga, anaoka mkate na kumlisha mtu aliyetaka kuwamaliza watu wa aina yake. Sasa mrudieni Endora wa televisheni. Yeye hamhurumii mkwewe hata kidogo, na jina lake tu hakubali kulitamka sawasawa: Darrin anakuwa Derwood, Durwood, na mengine mengi. Yule wa Biblia anamlisha adui aliyeingia nyumbani kwake, huyu wa komedi anamtesa mume wa bintiye ndani ya nyumba ya mume huyo. Mkiona pengo hilo, mmeshaanza kuchambua.

Jihadharini na majina yanayofanana kwa bahati. Mtoto wa Samantha anaitwa Tabitha, na haraka mtu atakimbilia Matendo 9:36, Tabitha wa Yafa aliyefufuliwa na Petro. Hakuna kitu kwenye hadithi ya mtoto kinachogusa sura hiyo, na anayetajwa kulichagua jina ni mwigizaji Elizabeth Montgomery, aliyelipenda kwa ukale wake. Kipimo chetu ni hiki: ukiliondoa jina na kuweka lingine, je, kuna utani unaokufa? Kwa Endora, ndiyo. Kwa Tabitha, hapana. Kikundi kisicho na kipimo huanza kuona madokezo hata kwenye rangi ya mapazia, na mazungumzo yanapoteza uzito.

Shakespeare anakaa kwa baba mkwe

Baba yake Samantha anaitwa Maurice na ameigizwa na Maurice Evans, aliyejulikana kwa kucheza Shakespeare jukwaani Marekani. Macbeth alimcheza jukwaani na pia kwenye televisheni. Kwa hiyo Maurice anapoingia sebuleni akinukuu tamthilia kwa sauti nzito, watazamaji wa wakati ule walicheka mara mbili: kwa mhusika, na kwa mwigizaji anayejiiga mwenyewe.

Kwa Macbeth yenyewe kuna tafsiri ya Kiswahili ya S. S. Mushi, Makbeth, iliyotolewa mwaka 1968. Ukiipata maktaba au kwa mwalimu aliyeihifadhi, soma sehemu ya nne, onyesho la kwanza, wachawi watatu wakizunguka chungu na kutumbukiza kidole cha chura, manyoya ya popo na ulimi wa mbwa. Kisha linganisha na mashairi ya uchawi ya Samantha na Endora. Shakespeare kwa kawaida huandika mistari ya mapigo matano isiyo na vina. Wachawi wake anawapa mistari mifupi ya mapigo manne yenye vina, iendayo kama ngoma. Komedi zimeirithi fomula hiyo karibu nzima. Wanafunzi waliozoea kuhesabu mizani watalisikia hilo kabla hata hawajaelewa maneno, kwa hiyo waache wapige makofi kufuata mapigo.

Salem: hapa mkae muda mrefu

Kama mna nafasi ya jioni mbili tu, moja iwe ya Salem. Lakini kiongozi ajifunze historia kwanza, maana komedi hailengi kufundisha tarehe.

Kesi za uchawi za Salem, Massachusetts, zilianza 1692. Watu 19 walinyongwa, wanawake 14 na wanaume 5. Mzee Giles Corey alikufa akibanwa kwa mawe tarehe 19 Septemba 1692 baada ya kukataa kujibu mashtaka. Wengine walifia gerezani. Hakuna aliyechomwa moto: moto ulikuwa adhabu ya sehemu nyingine za Ulaya, na makoloni ya Waingereza yalifuata sheria ya Uingereza, ya kunyonga. Kosa hili utalisikia kwenye kila kikundi, lisahihishe mapema. Tuhuma zilianzia Kijiji cha Salem, ambacho leo kinaitwa Danvers. Gavana William Phips aliivunja mahakama ile maalumu Oktoba 1692. Mwaka 1706 Ann Putnam, mmoja wa wasichana walioshtaki, aliomba msamaha hadharani kanisani, na mwaka 1711 serikali ya koloni iliwasafisha wengi na kulipa fidia kwa familia.

Tazameni kwanza Samantha's Thanksgiving to Remember ya 1967. Shangazi Clara, ambaye uchawi wake umezeeka na kila mara unakwenda kombo, anairudisha familia karne ya 17, Plymouth, koloni jingine la Waingereza huko Marekani. Darrin anawasha njiti ya kiberiti mbele ya watu. Simamisha hapo. Angalia nyuso zinazomzunguka, halafu hesabu sekunde mpaka tuhuma itamkwe. Kiberiti cha kusugua kilibuniwa na John Walker miaka ya 1820, kwa hiyo kwao moto umetoka hewani. Mwenye kushtakiwa ni mtu asiye na uchawi wowote, na mchawi halisi ndiye anayesimama kumtetea. Utani wote umejengwa juu ya mgeuzo huo.

Hapo mpe kikundi swali la historia: Plymouth iliwanyonga wachawi? Jibu ni hapana. Koloni la Plymouth lilikuwa na kesi mbili tu za uchawi, na washtakiwa wote wawili waliachiwa. Waandishi wamehamishia hofu ya Salem kwa Mahujaji wa Sikukuu ya Shukrani, yaani walowezi wa Plymouth, kwa sababu mtazamaji wa Marekani anawaweka wote kwenye kapu moja.

Kisha nendeni kwenye episodi za msimu wa saba za 1970, ambazo sehemu yake zilipigwa Salem yenyewe. Katika The Salem Saga, Samantha anatembelea nyumba ya makumbusho na pasha-kitanda ya shaba inaanza kumfuata. Eleza kifaa hiki kabla, la sivyo hakuna atakayecheka: ni sufuria yenye mfuniko na mpini mrefu, iliyotiwa makaa na kupitishwa chini ya shuka wakati wa baridi. Episodi inayofuata inafunua kwamba ni mwanamume aliyegeuzwa na Serena, binamu yake Samantha, karne kadhaa zilizopita.

Nyumba hiyo ndiyo dokezo. Ni ile ya riwaya ya Nathaniel Hawthorne ya 1851, The House of the Seven Gables, na bado ipo, ilijengwa 1668. Babu wa babu yake Hawthorne, John Hathorne, alikuwa miongoni mwa mahakimu wa Salem. Ndani ya riwaya, tajiri mmoja anakitaka kiwanja cha maskini aitwaye Maule. Maule anashtakiwa kwa uchawi, ananyongwa, na tajiri anajenga nyumba yake palepale. Soma muhtasari huo polepole na usiongeze kitu. Watu wenyewe wataanza kuzungumzia mashamba, mipaka na urithi.

Mipaka ya mazungumzo

Mazungumzo hayo yakianza, kiongozi ashike usukani. Singida mwishoni mwa miaka ya 1940 kulikuwa na mauaji yaliyodaiwa kufanywa na watu waliovaa ngozi za simba, na Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Kanuni yetu haina msamaha: hadithi ya zamani inaruhusiwa, jina la mtu aliye hai haliruhusiwi, wala mtaa wake, wala "yule bibi wa kule". Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyotungwa tangu 1928, inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi, kama inavyomkataza mtu kujidai kuwa na nguvu hizo. Waambie hivyo mwanzoni, kabla ya taa kuzimwa. Akitokea wa kuvunja kanuni, simamisha mazungumzo na urudi kwenye picha. Na kama kwenye kikundi kuna familia iliyowahi kutuhumiwa, muulize mhusika faraghani kama angependa jioni ya Salem ifanyike.

Episodi inayosaidia sana hapa ni The Witches Are Out, ya Oktoba 1964. Mteja wa Darrin anataka tangazo la peremende za Halloween lenye mchawi mbaya wa sura, mwenye pua ya ndoano na meno mabovu. Samantha na shangazi zake wanaumia, na usiku wanamtokea mteja yule wakiwa na mabango ya maandamano. Swali la kuuliza: sura hiyo ya bibi mzee mwenye kasoro ilimuumiza nani kabla ya kufika kwenye karatasi ya peremende?

Baada ya Bewitched

I Dream of Jeannie (NBC, 1965 hadi 1970, episodi 139) inatosha jioni moja. Isome pamoja na kisa cha mvuvi na jini katika Alfu Lela u Lela. Jini yule amefungiwa kwa muhuri wa Nabii Suleimani na akifunguliwa anataka kumuua aliyemwokoa. Jeannie akifunguliwa anampenda mwanaanga na kumwita bwana. Mazungumzo yataegemea kwenye tofauti hiyo, na ni sawa.

The Addams Family, 1964 hadi 1966, ina madokezo ya kukamata harakaharaka: jina la binti, Wednesday, linatoka kwenye wimbo wa watoto unaosema mtoto wa Jumatano amejaa huzuni, na mama mzazi wa Morticia ameigizwa na Margaret Hamilton, yuleyule mchawi wa kijani wa 1939. Kwa watoto wa msingi, chagueni Hansel and Gretel in Samanthaland ya 1971 na kuwasimulia kwanza hadithi ya ndugu Grimm. Sabrina the Teenage Witch ya 1996 si ya zamani sana, ila paka wake anaitwa Salem, na kikundi kilichopita hatua zilizo juu kitaeleza chenyewe kwa nini.

Jioni ya mwisho, wagawe watu wanne wanne waandike onyesho la dakika tatu, ukurasa mmoja na nusu wa daftari. Mhusika awe na nguvu zake, aishi Area C, Chang'ombe au popote mjini, na awe na jirani mchunguliaji kama Gladys Kravitz wa Bewitched. Liwe na dokezo moja tu la fasihi au masimulizi, na kila kundi lipitishe kipimo cha jina kabla ya kusoma mbele za wenzao: dokezo likiondolewa na utani ukabaki vilevile, waandike upya. Makosa yanayorudi ni mawili. Onyesho linajaa miujiza na kukosa tatizo la nyumbani, au nguvu zinamaliza tatizo badala ya kulizidisha. Kwenye Bewitched karibu kila mara uchawi ndio unaoharibu, na mtu lazima aeleze mbele ya bosi aliyekuja kula chakula cha jioni.